Pindo la Vidole Vinne

Niseme mapema, mtu asije akanisingizia: shemeji yangu simchukii. Ningekuwa namchukia nisingekaa naye chumba kimoja miaka kumi na mmoja, yeye na cherehani yake kule ndani, mimi na vifungo vyangu hapa mlangoni. Nauza vifungo, zipu, uzi, lastiki, sindano za mkono na za mashine. Yeye ni fundi nguo na amemwoa dada yangu, kwa hiyo kumtania ni haki yangu, na haki yangu mimi siiachi ikalala.

Mtaani wanamwita Vidole Vinne. Wageni wakilisikia jina hilo huanza kumtazama mikono. Wanahesabu kimyakimya huku wakijifanya wanapapasa vitambaa, wanafika kumi, wanarudia. Vidole anavyo vyote. Jina limetokana na pindo. Ukimpelekea kitambaa cha sare ya mtoto, akishakata sketi au suruali huacha chini kitambaa cha ziada chenye upana wa vidole vinne, vikiwa vimelala pamoja hivi, anakikunja ndani na kukishona kwa mkono, mishono mirefu isiyosumbua kufumua. Mafundi wengine wanakunja vidole viwili na wanakuona umebahatika. Yeye anaacha vinne, na kiunoni anaacha akiba nyingine. Sketi inakuwa nzito kule chini, mtoto akikimbia inampiga magoti.

Mwaka ukigeuka mama anarudi na mtoto yuleyule na sketi ileile. Fundi anafumua, anashusha vidole viwili, anapiga pasi, mtoto anaondoka na sketi mpya ya zamani. Mwaka unaofuata anashusha viwili vilivyobaki. Na hiyo kazi halipishi, eti kitambaa ni chao wenyewe na uzi aliukata mwanzo. Pale pindo la zamani lilipokuwa hubaki mstari wa rangi iliyokoza, basi kwetu sisi umri wa sketi unajulikana kwa kuhesabu mistari. Niliwahi kumuuliza kama kuna fundi mwingine duniani anayetoka jasho ili mteja asije kununua tena. Akanijibu kwamba wateja wanarudi, mbona kila Januari pamejaa. Ni kweli pamejaa. Benchi zima linakuwa la akina mama, na wote wamekuja kushushiwa pindo bure.

Jambo jingine, hatumii futi. Futi anayo, imezungushwa kwenye msumari ukutani, nadhani ni ya kumridhisha bwana afya. Mtoto akiletwa, Fundi anamwambia tembea mpaka mlangoni, rudi. Anamtazama kutoka visigino mpaka kisogoni, anasema haya, kwaheri. Basi, ameshapima. Nguo ikitoka inakaa. Ndiyo maana akina mama wakaingiwa na imani kwamba jicho lake halioni tu mtoto alivyo, linaona na atakavyokuwa. Utawasikia: "Fundi kamwachia vinne na nusu, huyu atakuwa mrefu kama mjomba wake." Mimi nimeishi na jicho hilo, nimeliona likitafuta mkasi ulio mapajani mwake. Lakini imani ya mtu usiichezee, hasa kama anakununulia na vifungo.

Mwaka juzi alikuja afisa wa biashara ndogondogo kutufundisha kukua. Tulikusanywa ukumbini, mafundi, wasusi, wauza mitumba, watengeneza viatu, na tulikwenda wengi kwa sababu tulisikia kutakuwa na soda. Afisa alichora mshale ubaoni, unaanzia chini kushoto unapanda hadi ubao unaisha. Akasema kila biashara iwe mshale. Kisha akaanza kutuuliza mmoja mmoja tunajiona wapi baada ya miaka mitano. Msusi akasema atakuwa na saluni tatu. Mimi nikasema nitakuwa na duka la jumla, maana soda zilikuwa bado hazijagawiwa. Shemeji alipofikiwa aliwaza sana, akasema atakuwa palepale ila labda amevaa miwani. Afisa akamuuliza wateja wake wanarudi mara ngapi. Akajibu kwa fahari, kila mwaka. Kununua? Hapana, kushushiwa pindo. Afisa akaandika kitu kwenye daftari, akakifuta, akaandika tena. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Sasa huyu Vidole Vinne ana binti mmoja tu. Alijifunza kushika sindano akiwa na miaka minane, ameketi chini ya meza ya baba yake, anakunja mapindo ya vitambaa chakavu wakati wenzake wanaruka kamba. Baadaye akaenda chuo cha ushonaji miaka miwili, akarudi na futi shingoni, kikokotoo mkobani, na saa ya ukutani aliyoitundika juu ya cherehani bila kumuuliza mtu. Kila kitu kwake kina dakika. Kola dakika tisa. Zipu dakika sita. Mimi mwenyewe alinipima muda ninaotumia kumuuzia mtu vifungo vinne, akasema dakika kumi na saba. Nikamwambia atoe muda wa salamu. Akasema ukitoa wa salamu na wa kumsema jirani zinabaki mbili. Ndipo nikamwita Dakika, na jina likamkaa.

Chuoni kwao walipita watu wa kiwanda cha nguo, kiwanda cha mbali hasa, safari ya siku nzima na usiku wake. Walikuwa wanatafuta mafundi. Dakika akaenda kufanya majaribio mji wa jirani, akarudi jioni, akasema wamemchukua, ataripoti mwisho wa mwezi. Aliyasema hayo akiwa ameinama anavua viatu. Mimi nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Baba yake akasema hongera mwanangu, akarudi kwenye cherehani, na suruali aliyokuwa anaimalizia akaitia zipu kichwa chini miguu juu. Mteja aliichukua hivyohivyo, akairudisha kesho yake akilalamika kwamba kila akiketi inajifungua.

Fundi hakutaka binti aende. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa kwa binti, kwa sababu yeye ndiye hakuambiwa. Nilimvaa siku moja tukiwa wawili, nikamwambia shemeji, sema na mtoto wako. Akaniuliza amwambie abaki afanye nini. Chumba kina cherehani moja na kiti kimoja, je, abaki amshikie mkasi? Mtoto ana cheti, kiwanda kina cherehani mia tatu. Alizungumza akitazama sindano. Dada yangu, ambaye anapika kwenye jiko la hospitali na anasema akitoka huko hataki tena kesi ya mtu, alitutazama wote akasema watu wawili wanaoogopana kwa mapenzi waachwe hivyohivyo mpaka wachoke. Mimi sikuweza. Nina mdomo, Mungu ndiye aliyenipa.

Siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi akaingia mwenye shule. Ni mama mmoja nadhifu aliyefungua shule ya kulipia kule juu barabarani, ile yenye geti la bluu. Alikuwa na mpango wa kushonesha sare za wasichana, sketi mia moja na ishirini, na akitupenda na za wavulana zingefuata, na za mwaka ujao, na za mwaka mwingine. Alitaka kwanza sketi moja ya mfano, Ijumaa. Kama ikimfaa, analeta kitambaa na malipo ya mwanzo. Kama haimfai, anaipeleka kazi kwenye karakana kubwa ya mjini. Aliondoka, na harufu ya manukato yake ikabaki kwenye lastiki zangu mpaka jioni.

Dakika alikuwa amesimama na futi mkononi. Akanigeukia mimi, lakini kwa sauti iliyokusudiwa kufika kule ndani.

"Mama mdogo, hii tukiipata, siendi. Tunachukua cherehani ya pili, nabaki."

Mashine ya Fundi ilinyamaza. Halafu ikaanza tena, kasi kuliko kawaida, na nilipochungulia niliona hakuna kitambaa chini ya sindano. Alikuwa anashona hewa. Nilifurahi hadi nikampunguzia mteja bei, jambo ambalo si desturi yangu.

Basi tabu ikaja kwenye pindo. Dakika alikaa na kikokotoo akaonyesha kwamba vidole viwili vya ziada kwa sketi mia na ishirini ni sketi nane nzima zilizolala ndani ya mapindo hazivaliwi na mtu. Karakana ya mjini haiachi kitu kama hicho. Tukiacha sisi, bei yetu inapanda na kazi inakwenda mjini. Fundi akasema sketi bila pindo si sketi, ni kitambaa kilichozungushiwa mtoto. Dakika akasema pindo lipo, la vidole viwili, ndivyo dunia nzima inavyoshona. Fundi akasema yeye hashonei dunia nzima. Walibishana siku mbili, kwa adabu kabisa, "samahani baba" huku na "sikiliza mwanangu" kule, na kazi za watu zikawa zimelala. Nilishangaa kidogo jinsi Dakika alivyoshupaa. Mtoto mpole yule, lakini kwa hilo la vidole viwili alikuwa anatetemeka sauti. Nikadhani ni chuo kimemharibu.

Na hapa lazima nikiri. Mimi nilikuwa upande wa Dakika. Sketi mia na ishirini zina vifungo mia na ishirini na zipu mia na ishirini, na zote zingetoka kwangu. Lakini wallahi si vifungo tu. Nilitaka yule mtoto abaki. Nikamfuata shemeji nikamwambia maneno ambayo sasa nayaonea haya: kwamba hayo mapindo yake ndiyo yamemfanya awe na kiti kimoja miaka yote, na sasa yanamfukuzia binti. Alichukua kitambaa, akakata sketi ya mfano.

Mkono wake ulikataa. Naapa. Alikuwa anakunja pindo na vidole vinajipanga vinne vyenyewe, anavitazama, anaondoa viwili, akishika sindano vimesharudi. Ikabidi Dakika amkatie kipande cha boksi chenye upana wa vidole viwili awe anapimia. Fundi mzima, miaka thelathini kazini, anakunja pindo kwa kipande cha boksi la sabuni. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akacheka kidogo kwa shingo upande.

Mwenye shule aliipenda sketi. Aliigeuza, akaivuta, akasema safi. Jumatatu kitambaa kikaletwa, jora zima la rangi ya zambarau iliyoiva, tukaliweka juu ya meza kama mgeni wa heshima. Fundi na binti yake wakakata pamoja, yeye anachora kwa chaki, binti anafuata na mkasi. Hawakusemezana sana lakini kila mmoja alikuwa anaimba wimbo wake, nyimbo mbili tofauti kwa wakati mmoja, na mimi katikati naumwa masikio na nimefurahi. Kufika Jumatano sketi kumi zilikuwa zimening'inia kwenye kamba. Dakika akaenda upande wa pili wa soko kuzungumza na mtu anayeuza cherehani zilizotumika. Tulikubaliana ichukuliwe kesho yake.

Akiwa huko akaingia mfua nguo na mwanawe. Ni mama mmoja anayefua majumbani, mikono imemchubuka kwa sabuni, ana mtoto wa kike wa miaka saba ambaye mwaka uliopita aliumwa kifua miezi mitatu. Mtoto alikuwa amepata nafasi kwenye shule ile ya geti la bluu kwa nusu ya ada, kwa sababu mama anawafulia mapazia. Alikuwa amesikia sare zinashonwa kwetu, na alivyofurahi, maana dada wa mtoto wote wanashonewa hapahapa. Nami kwa kiherehere changu nikaitoa sketi ndogo kuliko zote kwenye kamba nikampa aione.

Kwetu mama akipewa sare hatazami kola wala zipu. Anaigeuza ndani nje na kuweka vidole kwenye pindo. Mfua nguo akaigeuza. Akaweka vinne, viwili vikabaki nje. Akahisi amekosea mahali, akaizungusha, akapima upande wa nyuma. Akapima tena mbele. Akamvuta mtoto karibu, akamweka mkono begani, akainua macho.

"Fundi," alisema, "huyu wangu umemwona hatakua?"

Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningejua la kumjibu, nina majibu ya hasira ya kutosha. Aliuliza polepole, kama mtu anayemuuliza daktari. Alikuwa anaogopa jibu. Yule mtoto alisimama pale anachezea lastiki zangu, mwembamba, shingo ndefu, hajui linalozungumzwa.

Fundi alisimama. Akaanza kusema kwamba hapana, ni mtindo wa shule, ni sare zote, ni kitambaa. Akatoka nyuma ya cherehani, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwambia tembea mpaka mlangoni, rudi. Mtoto akaenda, akarudi. Fundi akamwambia mama yake kwamba huyu atakuwa mrefu kumpita yeye, atampita kwa kichwa kizima, aende nyumbani asiwe na wasiwasi. Mfua nguo akashukuru, akashukuru tena, akaondoka akiwa bado ameshika bega la mwanawe. Mimi nilibaki na sketi mkononi. Nilijisikia vibaya, kwa sababu yale maneno ya kiti kimoja niliyasema mimi.

Fundi hakunilaumu. Alivaa shati lake la misibani na harusini, akaenda shuleni. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe aliporudi. Alimwomba mwenye shule aruhusu vidole vinne, kitambaa cha ziada kitakuwa juu yake yeye Fundi, bei ibaki ileile, atafanya na kazi ya kushusha bure kama kawaida. Alidhani anampa mtu zawadi. Mwenye shule alimsikiliza vizuri, akamkaribisha hata kiti, halafu akacheka, wala si cheko la ubaya.

"Fundi wangu, sare nauza mimi hapa ofisini, kila mwaka. Ikikaa miaka mitatu mimi nitakula nini?"

Shemeji yangu hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Umri wote ule alidhani mafundi wenzake wanaacha vidole viwili kwa haraka tu au kwa uvivu. Akamwambia mwenye shule kwamba basi kazi hiyo haiwezi, atarudisha malipo na kitambaa, na zile kumi zilizokwisha atampa bila kumdai ushonaji. Mwenye shule akamsihi, akamwambia afikirie, akamtajia na sare za wavulana. Akasema ameshafikiria. Kabla ya saa kumi gari lilikuja likachukua jora, sketi na vifungo vyangu kumi ambavyo vilishashonwa. Meza ikabaki wazi.

Ndipo nikaelewa alichokifanya. Amemfukuza binti yake mwenyewe. Kwa sababu ya pindo la mtoto wa mtu mwingine, amekata kamba pekee iliyokuwa inamshikilia wake. Nilitaka kumgombeza, nikamwona anavyofagia vipande vya uzi wa zambarau sakafuni, anavikusanya kimoja kimoja, nikameza maneno. Nililia kidogo nyuma ya sanduku la zipu. Yeye alijifanya hanioni, na hiyo ni heshima kubwa kwetu.

Dakika aliingia akihema, amekubaliwa bei nzuri, cherehani ina mguu wa chuma na meza yake haijapinda. Alikuwa bado anaongea alipoiona ile meza. Akatazama kamba. Akamtazama baba yake.

Fundi alimweleza yote kwa mfululizo, mfua nguo, mtoto, mwenye shule, gari. Hakujitetea. Alipomaliza akashika ukingo wa meza akasema lile ambalo lilimkaa kooni mwezi mzima.

"Nilitaka ubaki, mwanangu. Tangu siku ile ya kwanza nilitaka ubaki. Nimekuharibia. Nenda kiwandani, usinifikirie."

Nilimtazama Dakika nikitegemea hasira. Alikuwa na haki nayo. Badala yake akaketi chini, palepale sakafuni chini ya meza, mahali alipokuwa akikaa utotoni, na mikono ameikumbatia magotini. Halafu akaanza kuongea na sakafu.

"Hakuna kiwanda, baba. Hawakunichukua."

Tukamtazama. Akasema siku ya majaribio walipangwa ishirini, kila mmoja na mashine yake, na mtu anapita na saa ya kubonyeza. Walipewa sketi kumi kumi za kukunja pindo na kushona, bila kupima, kwa haraka, waonekane mikono yao ilivyo. Yeye alimaliza wa kwanza. Wa kwanza kabisa, na dakika tatu zimebaki. Msimamizi akaja akichekelea, akaigeuza sketi ya juu, kicheko kikaisha. Akageuza ya pili, ya tatu, zote kumi. Akamuuliza ni nani amemfundisha kutupa kitambaa cha watu namna hii. Zilikuwa vidole vinne, zote kumi, zimenyooka kama zimepigwa rula. Hakuwa amejua anafanya hivyo. Chuoni alikuwa na futi, anapima, anapata. Pale hakukuwa na futi, mikono ikafanya inachokijua.

"Niliona aibu kuwaambia," alisema. "Nikasema nitatafuta njia kabla mwezi haujaisha. Ilipokuja ile kazi nikaona Mungu kanisikia. Nitabaki bila mtu kujua. Ndiyo maana niling'ang'ania viwili. Nilitaka mikono yangu ijifunze."

Sasa mimi, badala ya kulia, nikaanza kucheka. Sikukusudia. Nilimwona tu yule msimamizi anageuza sketi moja baada ya nyingine, na lile jina la mtaani linamfuata shemeji yangu mpaka kwenye kiwanda cha mashine mia tatu. Dakika akaniangalia kwa jicho baya, kisha naye midomo ikaanza kumcheza, akacheka huku machozi yanamtoka, anajifuta kwa futi. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama vilevile.

"Zote kumi?" aliuliza.

"Zote, baba."

Aligeuka akaelekea ukutani, akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu ya nyuzi. Alikitafuta muda mrefu, mabega yanapanda na kushuka, na hakuna kati yetu aliyemuuliza amepoteza nini. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na mkononi hana kitu. Akasema, kwa sauti ya kazi, ile anayotumia kwa wateja, kwamba cherehani bado ni moja na pesa ya kununulia ya pili imekwenda na gari.

"Najua," Dakika alisema, akainuka akikung'uta gauni. "Tutapokezana."

Fundi akakunja uso kama anayepiga hesabu, na hesabu shemeji hajui. Halafu akavuta kile kiti chake, kiti ambacho hata dada yangu akija na chakula hakalii, akakipangusa kwa kiganja, akamsogezea binti. Dakika akaketi, akapachika uzi, akavuta suruali ya mtu iliyokuwa imelala tangu wiki iliyopita, na mashine ikaanza. Fundi akabaki amesimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Miaka thelathini hajawahi kusimama wakati cherehani yake inashona.

Nikampa kigoda changu. Siku hiyo niliuza vifungo nimesimama mpaka nikafunga.